Umefunika Jina, Je, Umemfunika Mtu?

Alikuja jioni, amejitanda kanga, akabisha hodi. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi." Aliitikia kwa sauti ndogo, akakataa kuketi. Mkononi alikuwa na karatasi nne zilizobanwa kwa pini. Nilizitambua mara moja. Ilikuwa ripoti ya mwaka ya kikundi chetu cha akina mama wa usharika, na niliyeiandika ni mimi, katibu.

Katika ukurasa wa tatu nilikuwa nimeeleza habari za watoto yatima tunaowasaidia kwa sare, madaftari na nauli ya kwenda kliniki. Nilitaka wafadhili waone kwamba fedha yao inafanya kazi. Kwa hiyo nilichagua mtoto mmoja nikasimulia habari zake: msichana wa darasa la sita, wazazi wake wote wawili wamefariki, analelewa na bibi yake anayeuza vitumbua karibu na mashine ya kusaga, na anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Jina lake nililiandika pia. Kisha, nakala 40 za wanachama zilipokwisha kutolewa, nikakumbuka kwamba si vizuri jina lionekane. Nikachukua kalamu ya wino mzito mweusi, nikalipiga mstari mnene katika kila nakala. Nikajiona nimetenda kwa uangalifu.

Bibi aliinua karatasi mbele ya taa yangu. Jina la mjukuu wake likasomeka chini ya wino, herufi baada ya herufi.

"Na hata lisingesomeka," alisema, "anayeuza vitumbua pale mashineni ni nani mwingine? Mwanangu, mmemfunika uso, mkamwacha miguu nje."

Mwanachama mmoja alikuwa ameiacha ripoti mezani nyumbani kwake. Mtoto wake akaisoma, akaipeleka habari shuleni. Kwa muda wa wiki tatu msichana yule alikuwa anaondoka nyumbani asubuhi na sare yake lakini haingii darasani. Vidonge vyake bibi alivikuta vimefukiwa nyuma ya nyumba. Kila mama aliyewahi kumhudumia mtu anayetumia dawa hizi anajua maana yake. Dozi zikirukwa, virusi huongezeka tena mwilini, na vinaweza kujenga usugu kiasi kwamba dawa ile haivitishi tena. Mstari wangu mweusi ulikuwa umefika mbali kuliko nilivyodhani.

Ninaandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Mpendwa msomaji, huenda nawe wiki hii utatoa karatasi yenye habari za mtu mwingine. Naomba tujifunze pamoja namna ya kuondoa yasiyopaswa kuonekana kabla karatasi haijatoka mikononi mwetu, kwa maana ikishatoka hairudi. Mimi nilizunguka nyumba kwa nyumba kuzikusanya zile nakala 40. Nilipata 33.

KARATASI ZETU ZIMEBEBA WATU

Tukitazama vizuri tutaona kwamba akina mama ndio makatibu wa jamii hii. Ni nani anayeshika daftari la VICOBA, lenye majina ya waliokopa na walioshindwa kurejesha? Ni nani anayeandika orodha ya wagonjwa wa kuombewa? Ni nani anayetunza kadi za kliniki, ripoti za shule, vyeti vya kuzaliwa na karatasi za mirathi? Ni nani anayeandika barua ya kumwombea mjane msaada, au anayepiga picha ya orodha ya michango na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo?

Wazee walisema, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Wengi wetu tumeshiriki kazi hiyo ya kuosha, na desturi yake tunaijua. Kinachoonekana mle ndani hakisimuliwi nje, hata kwa mume. Anayeshika daftari la kikundi naye ni mwosha. Tofauti ni kwamba huyu anayehudumiwa bado yu hai, na kesho atakutana na majirani kisimani na sokoni.

Kuandika si kosa. Muuguzi lazima aandike ugonjwa, mwalimu lazima aandike alama, mweka hazina lazima aandike deni. Hatari huanza pale karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya watu wawili au watatu inapotolewa kwa watu arobaini. Hapo katikati ndipo penye kazi ya kuchuja, na mara nyingi tunapita pale mbiombio kwa sababu mkutano ni kesho na duka la kutoa kopi linafungwa saa kumi na mbili.

JINA PEKE YAKE HALITOSHI

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba mtu ni jina lake. Kosa hili limewapata hata wenye elimu kubwa na ofisi kubwa.

Katikati ya miaka ya 1990, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, shirika la serikali lililosimamia bima ya afya ya watumishi wa umma lilitoa kumbukumbu za matibabu ili watafiti wazitumie. Majina na anwani za nyumbani viliondolewa. Gavana wa jimbo, William Weld, aliwahakikishia watu kwamba siri zao ziko salama. Lakini kumbukumbu zile zilibaki na tarehe ya kuzaliwa, jinsia na postikodi ya mahali mgonjwa anapoishi.

Mwanafunzi mmoja wa kike wa sayansi ya kompyuta, Latanya Sweeney, alitaka kujua kama hayo yaliyobaki yanatosha kumtambua mtu. Alijua kwamba gavana mwenyewe anaishi katika mji wa Cambridge. Akanunua kwa dola 20 orodha ya wapiga kura wa mji huo, ambayo ilikuwa na majina, postikodi, tarehe za kuzaliwa na jinsia. Kisha akaziweka orodha mbili pamoja. Watu 6 tu walizaliwa tarehe moja na gavana. Kati yao wanaume walikuwa 3. Kati ya hao watatu, mmoja tu aliishi katika eneo la postikodi yake. Hivyo mwaka 1997 mwanafunzi yule akawa ameipata kumbukumbu ya matibabu ya gavana aliyewaambia watu wasiwe na wasiwasi.

Baadaye, mwaka 2000, alikadiria kwamba Wamarekani 87 katika kila 100 wanaweza kutambulika kwa mambo matatu hayo tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na postikodi. Hesabu ya mtafiti mwingine baadaye ilikuwa ya chini zaidi, lakini hata hiyo ilizidi nusu ya watu wote. Dada Sweeney ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari ya sayansi ya kompyuta katika chuo maarufu cha MIT, mwaka 2001, na kazi yake imebadilisha namna hospitali na serikali zinavyotoa takwimu za afya.

Mwaka 2006 jambo kama hilo lilitokea tena. Kampuni ya Marekani ya AOL ilitoa orodha ya maneno ambayo wateja wake walikuwa wameyatafuta kwenye intaneti. Majina yaliondolewa, kila mteja akapewa namba. Waandishi wa gazeti la New York Times wakasoma maswali ya namba moja, yaliyotaja mji, watu wa ukoo mmoja na magonjwa fulani fulani, wakafika hadi mlangoni kwa mama mmoja mjane aliyekuwa ameyauliza.

Ikiwa nchi yenye mamilioni ya watu iko hivyo, je, mtaa wetu? Huku kwetu hakuna haja ya kununua orodha. Tunajuana. Ukiandika "mjane wa fundi cherehani", "binti aliyerudishwa kutoka bweni", "mzee wa kanisa aliyehamia mwaka jana", tayari umetaja jina. Hata hesabu inaweza kusema. Ukiandika kwamba katika watoto 2 wa darasa la kipaimara mmoja anatumia dawa, umewaweka wote wawili katika midomo ya watu. Ndiyo maana ofisi nyingi za takwimu hazichapishi hesabu ndogo sana, kwa mfano iliyo chini ya 5, zinapoeleza habari za ugonjwa katika eneo dogo.

WINO MWEUSI NA NGUO NYEPESI

Kosa langu la pili lilikuwa kudhani kwamba kilichofunikwa kimeondoka. Wino wa kalamu haufuti herufi zilizochapwa, bali unazikalia juu. Iinamishe karatasi kidogo dirishani, au itazame kwa nyuma, utaona herufi zinang'aa chini ya weusi. Ile rangi nyeupe ya kufutia makosa nayo hukwanguliwa kwa kucha.

Kwenye kompyuta mambo ni hayo hayo. Mtu akiweka kisanduku cheusi juu ya neno katika hati ya PDF, mara nyingi amefanya kama mama aliyevaa kanga juu ya gauni. Gauni bado liko ndani. Anayepokea hati anaweza kuyachagua maneno yale, kuyanakili na kuyabandika mahali pengine, yakasomeka yote.

Mwezi Juni mwaka 2000, gazeti lile lile la New York Times liliweka kwenye intaneti nakala ya historia ya siri ya shirika la kijasusi la Marekani, CIA, kuhusu kupinduliwa kwa serikali ya Mohammad Mossadegh nchini Iran mwaka 1953. Wahariri walifunika majina ya Wairani walioshiriki, kwa kuogopa kwamba jamaa zao wanaweza kulipiziwa kisasi. Nia yao ilikuwa njema. Lakini majina yalikuwa bado yamo chini ya weusi, na aliyejua kompyuta aliweza kuyafunua. Mwezi Januari mwaka 2019, mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, walipeleka mahakamani hati yenye sehemu zilizofunikwa kwa weusi. Waandishi wa habari wakanakili na kubandika, na siku ile ile siri za mteja wao zikawa katika magazeti.

Hati inaweza pia kubeba habari zisizoonekana kabisa kwenye ukurasa. Mwezi Februari mwaka 2003 serikali ya Uingereza ilitoa taarifa juu ya Iraki kwa mtindo wa hati ya Word. Ndani ya faili mlikuwa mmehifadhiwa majina ya watumishi walioishughulikia, nayo yakajulikana. Vivyo hivyo, picha uliyopiga kwa simu inaweza kuwa imehifadhi ndani yake tarehe na mahali ilipopigwa. Na zile brashi za kuchora kwenye simu, nyingine wino wake hupitisha mwanga. Ukiongezwa mwangaza wa picha, namba uliyodhani umeifuta inarudi.

Sisemi haya ili tuiogope kompyuta. Nasema ili tujue kwamba kufunika ni kazi inayohitaji kukaguliwa, hata inapofanywa na mawakili.

JINSI YA KUFANYA

Baada ya aibu ile, kikundi chetu kilikaa na kupanga utaratibu. Muuguzi mmoja mstaafu na mwalimu mmoja walitusaidia. Ninauandika hapa kama tunavyoufuata.

1. Jiulize kwanza nani atasoma, naye anahitaji kujua nini. Mfadhili anahitaji kujua kwamba watoto 11 walilipiwa nauli ya kliniki kwa mwaka mzima na kiasi kilichotumika. Hahitaji kujua ni nani, wala biashara ya bibi yake. Jambo ambalo halikuandikwa halina haja ya kufutwa. Hatua hii peke yake ingemwokoa msichana wetu.

2. Hati kamili ibaki mahali pamoja, imefungiwa kwa ufunguo, na watu wawili tu wajue ilipo. Kazi yote ya kuchuja ifanyike kwenye nakala. Usiiharibu hati ya asili, maana siku moja itahitajika.

3. Ondoa yote yanayomwonyesha mtu. Anza na jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho cha taifa, tarehe kamili ya kuzaliwa, sahihi na picha. Kisha tafuta yale ya pembeni, yaani shule, mtaa, kazi ya wazazi, cheo cha kanisa, siku ya msiba. Mahali pa tarehe ya kuzaliwa andika "mtoto wa umri wa shule ya msingi". Mahali pa mtaa andika wilaya, au usiandike kitu.

4. Kwenye karatasi, kata. Chukua nakala, tumia wembe kuyatoa maneno yale, weka karatasi nyeupe nyuma ya tundu, kisha toa kopi. Kopi hiyo ndiyo utakayogawa. Ile iliyokatwa, pamoja na vipande vyake, ichome moto. Kama huna budi kutumia kalamu nyeusi, toa kopi ya ile uliyoipaka, uitazame mbele ya taa pande zote mbili, na usigawe kamwe ile ya kwanza.

5. Kwenye kompyuta, futa. Usilipake neno rangi. Lifute kabisa, na mahali pake uandike "jina limeondolewa", ili msomaji ajue kwamba kuna kitu kilichotolewa kwa makusudi. Hakikisha programu haikuhifadhi masahihisho ya zamani ndani ya hati. Njia iliyo rahisi kwa sisi tusio wataalamu ni hii: ukishafuta, chapa kwenye karatasi, kagua, kisha ipige picha au iskani karatasi ile, na utume hiyo. Picha ya karatasi haina maneno yaliyojificha chini yake.

6. Jaribu kuivunja kazi yako mwenyewe. Fungua hati utakayotuma, ulitafute jina kwa kile kitafutio cha programu. Pitisha kidole au kishale juu ya weusi, nakili, bandika. Likitokea jambo, rudi mwanzo.

7. Mpe mtu mwingine asome. Achaguliwe mama anayewafahamu watu wa mtaa, kisha aulizwe, "Unadhani huyu ni nani?" Akijibu sawasawa, hati bado haijawa tayari.

8. Ukitumia jina la bandia, sema wazi kwamba si jina halisi, na lisifanane na la kweli. Tena, mwombe ruhusa mwenye habari. Kama ni mtoto, zungumza na mlezi, na umwulize mtoto mwenyewe kwa maneno anayoyaelewa. Anayesaidiwa kwa sare na nauli huona vigumu kukataa. Kwa hiyo mwambie mapema kwamba akikataa, msaada wake hautapungua hata shilingi.

Na duka la kutoa kopi je? Wengi wetu huacha hati pale, tukaenda sokoni, tukarudi kuzichukua. Simama hapo mpaka kazi iishe. Kopi zilizoharibika usiziache. Umewahi kununua karanga zilizofungwa katika karatasi yenye majina na namba za simu za watu? Ilitoka mahali. Ukituma hati kwa simu ya mwenye duka ili akuchapie, mwombe aifute mbele yako.

KUFUNIKA SI KUFICHA UOVU

Hapa, wapendwa, lazima tuwe waangalifu, maana shetani anaweza kulitumia somo hili vibaya.

Kuna mweka hazina atakayesema, "Hesabu ni siri." Hapana. Fedha za kikundi ni za wanachama, nao wana haki ya kuona zilivyoingia na kutoka. Jina la mgonjwa aliyenunuliwa dawa linaweza kuondolewa kwenye taarifa. Kiasi kilicholipwa, tarehe na risiti vinabaki, na wakaguzi waliochaguliwa na kikundi waione hati kamili.

Tena kuna familia zitakazosema, "Tumfunike mtoto," pale mtoto anapobakwa na mjomba au jirani. Huko ni kumfunika mwovu. Katika jambo kama hilo habari zote, pamoja na majina, zipelekwe upesi kwa wanaohusika: Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, ofisa wa ustawi wa jamii, hospitali. Tanzania na Kenya zina namba ya simu ya kusaidia watoto, 116, isiyotozwa malipo. Wanaopaswa kujua wajue kila kitu, na mtaa usijue kitu.

Kipimo chetu katika kikundi ni swali moja tunalouliza kabla ya kuondoa neno lolote: Tukiliondoa, anayelindwa ni nani? Akiwa ni mnyonge, tunaliondoa. Akiwa ni mwenye nguvu anayeogopa kuulizwa, tunaliacha.

SHERIA NAYO INASEMA

Wengine hudhani kwamba haya ni adabu tu. Siku hizi ni sheria pia. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inazihesabu habari za afya na habari za watoto miongoni mwa taarifa nyeti zinazohitaji uangalifu wa pekee, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Kabla ya hapo, sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ilikwisha kuagiza kwamba hali ya mtu aliyepimwa itunzwe kwa siri. Kenya inayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo pamoja na afya inataja hata majina ya watoto, wazazi na mwenzi wa ndoa kuwa ni taarifa nyeti. Kanisa, shule na kikundi havimo nje ya sheria kwa sababu tu nia yake ni njema.

KUTEMBEA KINYUMENYUME

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, tunasoma jinsi Nuhu alivyolewa akalala uchi hemani mwake. Mwana mmoja aliona, akatoka nje kuwasimulia wenzake. Shemu na Yafethi walifanya tofauti. Walichukua nguo, wakaiweka mabegani, wakatembea kinyumenyume hadi kwa baba yao, wakamfunika pasipo kumtazama. Nimeitafakari habari ile mara nyingi tangu jioni ya bibi. Wana wale hawakurusha nguo kutoka mlangoni na kwenda zao. Waliingia mpaka ndani, wakahakikisha amefunikwa, tena kwa namna ambayo wao wenyewe hawakuona zaidi ya ilivyolazimu. Yusufu naye, alipodhani kwamba Mariamu amemkosea, hakutaka kumwaibisha mbele ya watu (Mathayo 1:19). Alikuwa bado hajaujua ukweli, lakini heshima ya yule binti ilikuwa tayari salama mikononi mwake.

Je, heshima ya watu iko salama mikononi mwetu tunaoshika kalamu?

Msichana yule alirudi kwenye dawa. Muuguzi wa kliniki alimpangia siku nyingine, bibi akawa anamsindikiza, na mimi niliomba ruhusa ya kwenda nao. Miezi ya kwanza hakunisemesha njia nzima, na sikumlaumu. Alihamishiwa shule nyingine, akasoma, akamaliza kidato cha nne. Siku moja alinikuta nikiandika ripoti, akaivuta karatasi, akaisoma yote polepole. Kisha akaniambia, "Mama, huyu wa ukurasa wa pili nimemjua." Nilichukua kalamu nikaanza upya.

Makala hii nayo aliisoma kabla sijaipeleka kwa mhariri, yeye pamoja na bibi yake. Biashara ya bibi haikuwa vitumbua, darasa halikuwa la sita, na mambo mengine mawili matatu nimeyabadilisha. Alipofika mwisho aliniuliza tu kama nimejaribu kumtafuta yeye mwenyewe ndani yake. Nilimjibu kwamba nimejaribu, sikumpata.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kikundi chetu kinatunza karatasi gani zenye habari za watu? Ziko wapi sasa hivi, na nani ana ufunguo?

2. Tuchukue ripoti yetu ya mwisho. Je, tunaweza kumtambua mtu yeyote ndani yake ambaye hakutajwa jina?

3. Soma Mithali 11:13. Orodha yetu ya maombi inamsaidia mgonjwa, au inamtangaza?

4. Kuna jambo lolote tunalolificha ambalo wanachama wana haki ya kulijua?